Malalamiko ya Namba Kumi na Saba, Aliyefutwa kwa Kosa la Kufurahi

Ndizi za Santing,
Chini ya mwavuli wa bluu, Geti la Pili,
Ijumaa saa tano asubuhi, mafuta yakiwa yanapoa.

Kwa Mheshimiwa Profesa Eufrocina Tuazon,
Mkuu wa somo la Mbinu za Utafiti,
Shahada ya Uzamili ya Saikolojia Chanya,
Ghorofa ya tatu, mlango wenye picha ya kipepeo.

YAH: KUFUTWA KWANGU KWENYE UTAFITI WA FURAHA

Shikamoo Mama Profesa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama sio mzima basi angalau uko nne juu ya saba, ambayo nimeambiwa ndiyo kiwango cha watu wa kawaida.

Jina langu ni Crisanto Dimaculangan, ila geti zima wananiita Santing. Kwenye karatasi zako mimi ni Namba Kumi na Saba. Nauza ndizi za kukaanga na sukari kwenye vijiti, nauza vocha za simu, siku za mtihani nauza kalamu, na mvua ikinyesha nakodisha miavuli. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikutana na kosa la tahajia lipite kimya kimya, kama mtu uliyemkuta anajikuna.

Kisa unakijua ila nitakikumbusha, maana una wanafunzi wengi. Mwanafunzi wako Hiyasmin Tabuzo, binti wa kisiwa cha Catanduanes, sisi tunamwita Hiyas, alikuja hapa getini na bahasha thelathini na mbili. Kila mchuuzi akachagua moja. Ukikuta daftari ndani, wewe ni kundi la daftari: kila siku unaandika mambo matatu mazuri ya jana. Ukikuta karatasi imeandikwa "Asante kwa kusubiri", wewe ni kundi la kusubiri: hufanyi kitu, unasubiri wiki sita, wenzako wakimaliza na wewe unapewa daftari. Makundi yote mawili kila Jumanne mnaulizwa maswali ya furaha, moja mpaka saba. Mimi nilikuta karatasi. Sikununa. Nikaikunja nikaiweka chini ya mguu mbovu wa meza.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa namba, maana nimeona nyie watu wa utafiti bila namba hamsikii.

1. Kuhusu neno "kujitenga".

Jana Alhamisi Hiyas alifika na makaratasi kifuani. Akakaa kwenye kigoda, hakuchukua ndizi. Mtu akifika kwangu saa nne asichukue ndizi, najua kuna msiba.

"Kaka Santing, umefutwa."

"Nimefutwa wapi tena?"

"Kwenye utafiti. Profesa kakuzungushia duara jekundu."

"Nimefanya nini?"

"Umefurahi."

"Kwani wenzangu hawajafurahi?"

"Wenzako wa kusubiri wote walianza tatu na kitu, na wako hapo hapo. Wewe ulianza tatu, sasa uko sita nukta nane. Bila daftari, bila chochote. Profesa kasema wewe ni namba iliyojitenga. Unanivurugia wastani."

Mama Profesa, mimi kujitenga? Benchi langu lina watu sita muda wote, na wa saba anakalia kreti ya soda. Mtu aliyejitenga ni yule mlinzi wa maegesho anayekula akiangalia ukuta. Mimi hata chooni nasindikizwa.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi ya hilo duara. Kati ya wale thelathini na wawili, mmoja kaenda Qatar na mwingine kaolewa Mindoro. Tumebaki thelathini kamili, na kanuni yenu inasema wasipungue thelathini. Ukinitoa mimi, wanabaki ishirini na tisa, na Hiyas hawezi kutetea ile tasnifu yake Jumatano ijayo. Ataambiwa aanze upya mwaka wa masomo unaokuja, na posho yake ya masomo inaishia mwisho wa Mei. Baba yake anachuna katani kule kisiwani. Hakuna posho nyingine. Atapanda meli arudi kwao, miaka miwili ya kusoma imekwisha hivyo, kwa sababu muuza ndizi kacheka.

2. Kuhusu kusubiri kwangu.

Nimesubiri kwa uaminifu. Nasema hivi kwa sababu wapo kwenye kundi letu ambao kusubiri kwao kuna walakini. Muuza viatu, Namba Tisa, alikuwa anasubiri huku anacheza bahati nasibu. Hiyo sio kusubiri, hiyo ni kutegemea. Mimi nilisubiri kavu.

Na maswali yenu nimeyajibu Jumanne zote sita, hata yale magumu. Kuna moja linasema, "Je, wiki hii ulijiona unanawiri?"

"Dada," nikamwambia, "mimi sio mboga ya kangkong."

"Kaka, jibu moja mpaka saba."

"Kangkong yenyewe ukiiuliza itasema ngapi?"

"Inategemea iko wapi."

"Iko bondeni kwa Aling Choleng, pembeni ya mfereji."

"Hiyo saba," akasema, na akajifunika uso kwa ubao wake wa kuandikia. "Kaka, usinichekeshe. Mtafiti haruhusiwi kucheka."

Sasa hilo nalo, Mama. Mnapima furaha kwa mtu aliyekatazwa kucheka. Ni sawa na mimi nikaange ndizi nikiwa nimekatazwa kuwasha moto. Ila sijaliweka kama lalamiko, nimepita nalo tu.

3. Kuhusu Mzee Ponso.

Mzee Ponso unamjua. Anauza taho, ule uji mzito wa soya na sukari, anabeba ndoo zake mbili begani kwa mti, sauti yake inaamsha bweni zima la wasichana. Kwenye karatasi ni Namba Ishirini na Mbili. Yeye alipata daftari. Akimaliza kuuza, saa nne hivi, anakuja kukaa kwenye benchi langu mpaka saa sita, kwa hiyo namwona kila siku kwa macho yangu, sio kwa fomu.

Alianza tatu. Leo, baada ya wiki sita na daftari limejaa mpaka jalada la mwisho, yuko tatu. Jumanne iliyopita Hiyas alimuuliza, "Mzee, kwa ujumla unaridhika na maisha?" Akajibu, "Kwani kuna mengine?" Hiyas akakwama, hakujua hiyo ni ngapi.

Basi Mama, tuweke mezani. Mwenye daftari hajapanda hata punje. Asiye na daftari kapaa. Mimi sio msomi lakini hapa hata mbuzi wa darasa la nne anaona: daftari halifanyi kazi, kusubiri ndiyo dawa. Badala ya kunifuta mngebadilisha jina la shahada. Shahada ya Uzamili ya Kusubiri. Wanafunzi wengi wanaisoma tayari, wanakaa pale nje ya mlango wako wenye kipepeo.

4. Kuhusu ushahidi.

Mzee Ponso akisema ana huzuni, inaandikwa. Hakuna anayemuuliza "kwa nini?" wala "una uhakika?" Mimi nikisema nina furaha naambiwa haina sababu. Nilimuuliza Hiyas, "Mbona sababu ninazo nyingi?" Akasema hazipo kwenye fomu. Sasa kwenye hii nchi mtu mwenye huzuni anaaminiwa na mwenye furaha anatakiwa alete cheti? Nikakichukue wapi, serikali ya mtaa? Pale foleni yenyewe itanishusha mpaka mbili.

4 na nusu. Hili sio kubwa lakini linakera. Duara jekundu. Mngetumia hata la bluu.

5. Kuhusu kiwango halali.

Kama kuna kiwango ambacho muuza ndizi haruhusiwi kukivuka, naomba chuo kikibandike getini, pale penye tangazo la "Usikojoe Hapa". Kiandikwe wazi: muuza ndizi mwisho wake tano, muuza taho nne, mlinzi tatu na nusu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sita, mwanafunzi wa uzamili asizidi mbili. Tukijua tutajizuia. Mtu akijiona amefika nne nukta nane anakaa chini, anakunywa maji, anafikiria ada ya watoto, anatulia.

Na kwa heshima zote, Mama, profesa mwisho ngapi? Nauliza kwa sababu kila Jumatano saa kumi unakuja kwangu unanunua ndizi mbili. Moja unaitia kwenye mkoba na kusema ni ya mumeo. Ukifika kwenye mti wa pili unaitoa. Nimekuona. Na uso unaokuwa nao pale, Mama Profesa, sio wa nne. Sijawahi kukuzungushia duara.

6. Kuhusu juhudi zangu za kuhuzunika.

Usidhani nimekaa tu. Jana hiyo hiyo, Hiyas alipoondoka, nilijitolea kushuka mpaka tatu na kitu ili niende sawa na wenzangu. Nilienda kumsalimia mama mkwe bila kuitwa. Kwa bahati mbaya alikuwa ametengeneza tambi za pancit na akaniongezea mara mbili, kitu ambacho hajafanya tangu nimwoe binti yake. Nikatoka pale niko saba. Leo asubuhi nikajaribu kuwaza vimbunga. Nikawaza kile kilichobeba paa letu, nikakumbuka tulivyolikuta limekaa vizuri kabisa juu ya banda la kuku la diwani, na diwani yuko chini yake anauliza nani kamjengea. Nikacheka mpaka nikaunguza ndizi nne.

Mke wangu Belinda akaniambia, "Wewe Santing, hata huzuni huwezi. Umeweza nini?"

Kwa hiyo niko tayari kushuka, Mama, ila nipewe mtaalamu. Idara yenu mnaye wa kupandisha tu?

7. Kuhusu kufutwa kikamilifu.

Kama baada ya haya yote bado unanifuta, basi nifutwe kote. Nisifutwe kwenye furaha tu halafu nibaki kwenye ushuru wa soko. Naomba idara iandike barua kwa halmashauri kwamba Crisanto Dimaculangan ni namba iliyojitenga na haingii kwenye hesabu. Nakala iende kampuni ya umeme. Nakala iende kwa shemeji yangu Rodel, mwenye orodha ya watu wa kubeba sanamu ya mtakatifu siku ya sikukuu ya mtaa. Kila mwaka mimi nawekwa upande wa barabara wenye shimo. Nikiwa sipo, niwe sipo kwelikweli.

Maombi yangu ni mafupi. Ufute duara, usinifute mimi. Niachie sita nukta nane yangu, niliipata kihalali, nikiwa nimekaa. Na Hiyas atetee tasnifu yake Jumatano. Huyu binti ametembea getini hapa wiki sita na soli moja imefumuka, na hajawahi kumuuliza mtu yeyote "unajisikiaje" bila kungoja jibu.

Nisalimie wote ghorofa ya tatu: katibu wako anayependa ndizi mbichi kidogo, yule daktari mwenye ndevu anayefundisha takwimu (mwambie mwavuli wangu bado ninao moyoni, yeye anao mkononi), na mfagizi wa ngazi. Mumeo pia, na pole yake kwa zile ndizi.

Ni mimi nisiyejitenga,
Crisanto "Santing" Dimaculangan
Namba Kumi na Saba

Nyongeza. Jumamosi, saa nne.

Mama Profesa, barua ilikuwa haijaondoka. Nilimpa Hiyas aikague tahajia kabla hajakuletea. Ukurasa wa kwanza alicheka. Ukurasa wa pili akaacha kucheka. Nikajua ni tahajia. Kumbe akafungua mkoba, akatoa daftari la Mzee Ponso, akaliweka kando ya barua, akaanza kupeleka kidole huku na huku.

"Kaka Santing."

"Naam."

"Hii g yako ina mkia kama wa nguruwe."

"Ndivyo ninavyoiandika tangu darasa la pili."

"Na kwenye daftari la Mzee Ponso iko hivi hivi. Kurasa zote."

Mzee Ponso alikuwa hapo hapo kwenye benchi. Akainama akaanza kukoroga ndoo ambayo haina kitu.

Sasa niseme ukweli, maana macho unayo na daftari utaliona. Mzee Ponso anajua kuandika jina lake na neno TAHO, basi. Siku ya bahasha aliona aibu kusema hivyo mbele ya binti wa chuo, akapokea daftari kama msomi. Kesho yake akaniletea akasema, "Niandikie, au nilirudishe?" Nikamwandikia. Sikuona ubaya. Niliambiwa nisubiri, na nilisubiri, ila nilisubiri huku naandika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi.

"Mzee, jana kulikuwa na zuri gani?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Goti."

"Limepona?"

"Linauma."

"Yote mawili?"

"Moja."

Naandika: Moja, goti la kushoto zima kabisa.

Siku ya mvua akasema nusu ndoo ya taho imerudi nyumbani. Nikaandika: Pili, wajukuu wamekula taho mpaka wakasaza. Siku arobaini na mbili, matatu kila siku, piga hesabu mwenyewe. Yake ya kweli hayazidi manne. Mengine yote ilibidi niyasake mimi. Ikawa nikigeuza ndizi macho yangu yapo barabarani: hili nitamwandikia Ponso, lile nitamwandikia Ponso. Mtoto kaanguka na baiskeli kainuka anacheka, naliweka. Aling Choleng kavaa gauni jipya, naliweka. Yule mlinzi wa maegesho siku moja alikula ameangalia barabara. Hilo nililiandika la kwanza, nikalipigia mstari.

Hiyas akalifunga daftari. Halafu akasema polepole, "Kwa hiyo aliyepewa daftari hakulitumia."

"Hakulitumia."

"Na asiyepewa ndiye aliyelitumia."

"Wiki sita."

"Na aliyelitumia kapanda."

"Sita nukta nane."

"Kaka, umeniua," akasema, akacheka, kisha akalia, kisha akala ndizi tatu.

Nikamwambia tuichane barua. Wewe hujui, mimi nanyamaza, Ponso ndiyo kabisa. Duara nitaenda kulibembeleza mwenyewe. Akaishika barua kwa mikono miwili. "Nikificha hii," akasema, "wa kufutwa ni mimi." Na akanikatalia hata kuiandika upya. Kwa hiyo unayo yote, na namba tatu nilipolitukana daftari, hesabu sijasema. Na ile furaha iliyonijia bila kitu, kitu kilikuwepo. Kina jalada la kijani.

Nifute, Mama. Na Mzee Ponso mfute. Tunabaki ishirini na nane. Hiyas anasema kanuni inamruhusu kuongeza watu wawili wapya, kama wewe utakubali kuisogeza ile Jumatano. Wiki sita zikianza Jumatatu zinakwisha kabla ya posho yake. Ombi langu sasa ni hilo moja tu. Watu wenyewe nimeshawapata, muuza maua ya sampaguita wa kanisani na dada wa kufua nguo, na wote wawili nimewaambia waandike majina yao mbele yangu, na ya mawifi zao, kuhakikisha kalamu wanaijua.

Sijui utasema nini. Hiyas yuko hapa amesimama, soli imefungwa kwa uzi wa katani, anangoja nimalize apande nayo juu.

Mzee Ponso ndio kaniuliza sasa hivi kama tukishafutwa tutaendelea kuandika. Nikamwambia, "Ya nini, Mzee, na wewe kila siku huna zuri?" Akatazama ndoo zake.

"Napenda ukinisomea," akasema.

Nimeliandika. Ya leo nilikuwa na mawili tu, hili ndilo la tatu.